Ripoti ya mafao ya wafanyakazi inapokataa kulingana: dalili, vyanzo na tiba

Tarehe 9 ya mwezi ndiyo inayowatoa jasho watu wa mishahara. PAYE (kodi ya mshahara), NSSF (akiba ya uzeeni) na SHIF (bima ya afya) zote zinataka kuwa zimelipwa kufikia siku hiyo, na ni siku mbili tatu kabla yake ndipo meneja huomba "ripoti moja tu ya haraka": nani anapata marupurupu gani, anakatwa nini, na kampuni inamchangia kiasi gani. Unafungua hifadhidata, unaandika kweri (swali la SQL), unaongeza safu mbili tatu za hesabu, kisha jumla ya chini inakataa kukubaliana na hati za mshahara.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwama hapo, awe kwenye shamba la maua Naivasha, hotelini Kisumu, kiwanda cha sukari upande wa Muhoroni au sako mjini Kakamega. Kweri zimeandikwa kwa PostgreSQL. Mahali MySQL au SQL Server inapofanya tofauti, nitasema.

Kwanza, mtu mmoja

Usianze kwa kutazama jumla. Jumla ya wafanyakazi 400 haitakuambia kosa liko wapi. Chukua mfanyakazi mmoja, mwezi mmoja, umpigie hesabu kwa kalamu mpaka shilingi ya mwisho, kisha umtafute kwenye ripoti yako.

Tuseme analipwa 45,000 kabla ya makato, mwezi ni Machi 2025. SHIF ni asilimia 2.75, yaani 1,237.50. Tozo ya nyumba asilimia 1.5, yaani 675. NSSF asilimia 6: kiwango cha kwanza kinaishia 8,000, hivyo 480, zilizobaki 37,000 zinatoa 2,220, pamoja 2,700. Ukiondoa vyote vitatu, kiasi kinachotozwa kodi ni 40,387.50. Asilimia 10 ya 24,000 za kwanza ni 2,400. Asilimia 25 ya 8,333 zinazofuata ni 2,083.25, asilimia 30 ya zilizobaki 8,054.50 ni 2,416.35. Jumla 6,899.60, toa nafuu ya kodi 2,400, PAYE inabaki 4,499.60.

Upande wa mwajiri: NSSF 2,700 nyingine, tozo ya nyumba 675 nyingine, na shilingi 50 za NITA (tozo ya mafunzo ya viwandani). Mtu huyu anaigharimu kampuni 48,425. SHIF haina sehemu ya mwajiri. Nimeona ripoti kadhaa zenye safu ya "SHIF ya kampuni" iliyonakiliwa tu kutoka safu ya tozo ya nyumba. Kama yako inayo, ifute sasa hivi kabla mkurugenzi hajaiweka kwenye bajeti.

Ongeza watu wengine watatu wa kujaribia: mmoja wa mshahara mdogo, mmoja anayelipwa mara mbili kwa mwezi, na mmoja asiye na marupurupu wala wategemezi. Hao wanne watakufichulia karibu kila kosa lililo hapa chini.

Dalili: jumla imezidi, na imezidi mara mbili, mara tatu, mara nne kamili

Gawanya tarakimu ya ripoti kwa ile sahihi ya yule mtu mmoja. Ukipata namba kamili, acha kutafuta kosa kwenye fomula. Majedwali yako yanazidishana.

Hivi ndivyo inavyotokea. Mfanyakazi ana mistari mitatu kwenye jedwali la marupurupu: nyumba 5,000, usafiri 3,000, chakula 2,000. Kwenye jedwali la wategemezi ana watoto wanne. Ukiunganisha jedwali la wafanyakazi na yote mawili kwa pamoja, kila rupurupu linakutana na kila mtoto, na mistari inakuwa 12. `SUM` inakupa 40,000 badala ya 10,000. Mwenzake asiye na mtoto anatoka sawasawa, asiye na mtoto ila mmoja naye anatoka sawasawa, na hilo ndilo linalowachanganya watu: ripoti ni sahihi kwa vijana na mbovu kwa wazazi.

Wengi hukimbilia `SUM(DISTINCT kiasi)`, na kwa mtu huyu itafaulu. Mjaribu anayepata nyumba 3,000 na usafiri 3,000. `DISTINCT` inaona 3,000 mara moja tu na kumnyang'anya nusu ya haki yake. Kosa hilo ni baya kuliko la kwanza kwa sababu halionekani kwa macho.

Tiba ni kujumlisha kila jedwali peke yake hadi libaki na mstari mmoja kwa kila mtu, ndipo uunganishe (`COALESCE` huweka sufuri palipo patupu):

```
WITH m AS (
  SELECT namba_ya_kazi, SUM(kiasi) AS marupurupu
  FROM marupurupu
  WHERE mwezi = '2025-03-01'
  GROUP BY namba_ya_kazi
),
w AS (
  SELECT namba_ya_kazi, COUNT(*) AS idadi
  FROM wategemezi
  GROUP BY namba_ya_kazi
)
SELECT f.namba_ya_kazi, f.jina,
       COALESCE(m.marupurupu, 0) AS marupurupu,
       COALESCE(w.idadi, 0) AS wategemezi
FROM wafanyakazi f
LEFT JOIN m ON m.namba_ya_kazi = f.namba_ya_kazi
LEFT JOIN w ON w.namba_ya_kazi = f.namba_ya_kazi;
```

Ukimaliza, hesabu mistari. Lazima ilingane na idadi ya wafanyakazi, si pungufu, si zaidi. MySQL inaelewa `WITH` kuanzia toleo la 8.0, kwenye seva ya zamani zaidi, weka hizo kweri ndogo ndani ya `FROM`.

Na ikiwa meneja hakuomba wategemezi, usiwaguse kabisa. Majina na umri wa watoto wa watu ni habari zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ripoti za aina hii zina tabia ya kuzunguka WhatsApp.

Dalili: watu wamepungua

Ofisi ina wafanyakazi 212, ripoti ina 187. Karibu kila mara ni `JOIN` ya kawaida mahali palipohitaji `LEFT JOIN`, inayombakiza kila mtu: kwa `JOIN`, asiye na mstari upande wa pili anafutwa kimya kimya.

Lakini kuna sura nyingine ya kosa hilihili inayowakwaza hata wazoefu. Umeandika `LEFT JOIN` vizuri, halafu chini ukaweka `WHERE marupurupu.mwezi = '2025-03-01'`. Kwa asiye na marupurupu, safu hiyo ya mwezi haina kitu. Kitu kisichokuwepo hakiwezi kuwa sawa na Machi. Mtu anatolewa nje. `LEFT JOIN` yako imegeuka kuwa `JOIN` bila wewe kujua. Hamisha sharti hilo liingie kwenye `ON`, au lichuje ndani ya kweri ndogo kama nilivyofanya hapo juu.

Dalili: asilimia ni sahihi, jumla ya SHIF au NSSF si sahihi

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, kwa sababu kila mtu anaenda kukagua 0.0275 na kukuta iko sawa. Tatizo ni pale hesabu inapofanyikia.

SHIF ina kima cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi. Asilimia 2.75 inafika 300 mtu akiwa na mshahara wa karibu 10,909. Aliye chini ya hapo analipa 300 vilevile. NSSF nayo ina dari. Kuanzia Februari 2025 hadi Januari 2026 mshahara uliohesabiwa haukupita 72,000, hivyo mchango wa mfanyakazi haukuzidi 4,320. Kima cha chini na dari vyote ni vya mtu mmoja kwa mwezi mmoja. Ukivitumia mapema mno unakosea, ukivitumia kwa kuchelewa unakosea pia.

Kuchelewa ni hivi: una vibarua 40, kila mmoja amepata 8,500. Ripoti inajumlisha mishahara kwanza, 340,000, kisha inazidisha kwa 0.0275 na kupata 9,350. Kiasi sahihi ni 40 mara 300, yaani 12,000. Meneja anayetenga 9,350 atajikuta amepungukiwa na 2,650 siku ya kulipa.

Kuwahi ni hivi: kibarua wa kukata miwa amelipwa 6,000 katikati ya mwezi na 7,000 mwishoni. Jedwali la malipo lina mistari miwili. Fomula yenye kima cha chini, ikikaa kwenye kila mstari, inatoa 300 na 300, jumla 600. Lakini mwezi wake ni 13,000, na SHIF yake ni 357.50. Mahali ambapo watu hulipwa kila wiki mbili, kosa hili linawaonea hasa wenye kipato kidogo.

Kwa hiyo jumlisha malipo ya mtu kwa mwezi, weka kima na dari hapo, kisha ndipo ujumlishe watu (72000 hapa ni dari ya kipindi hicho):

```
WITH mtu_mwezi AS (
  SELECT namba_ya_kazi, mwezi, SUM(kiasi) AS ghafi
  FROM malipo
  GROUP BY namba_ya_kazi, mwezi
)
SELECT namba_ya_kazi, mwezi, ghafi,
       GREATEST(300, ROUND(ghafi * 0.0275, 2)) AS shif,
       ROUND(LEAST(ghafi, 72000) * 0.06, 2)    AS nssf
FROM mtu_mwezi;
```

`GREATEST` na `LEAST` zimo PostgreSQL, MySQL na Oracle. SQL Server imezipata toleo la 2022. Kwenye toleo la zamani tumia `CASE WHEN`.

Ukihamishia hesabu hizi Excel, jihadhari na jedwali egemeo (pivot table). Safu ya hesabu unayoiongeza ndani ya jedwali egemeo hujumlisha kwanza, kisha hutumia fomula. Mstari wa mtu mmoja utaonekana mzuri, lakini mstari wa jumla ya idara utachukua mshahara wa idara nzima kana kwamba ni wa mtu mmoja, uulinganishe na 300, na kukupa upuuzi. Power BI ina mtego wa jamii hiyo: safu ya hesabu hupigwa mstari kwa mstari, ila kipimo (measure) hupigwa juu ya chochote kilichochujwa kwenye ukurasa wakati huo. Ushauri wangu ni kwamba kima na dari vyote vikae kwenye kweri, na chombo cha ripoti kiachiwe kujumlisha tu.

Dalili: miezi mingine ni sawa, Januari ndiyo mbaya

Ukisikia mtu anasema Januari pekee haikubaliani, uliza kama viwango vyake vimepangwa kwa mwaka. NSSF haibadiliki Januari. Chini ya Sheria ya NSSF ya 2013, viwango vilipoanza kutumika Februari 2023 mipaka ilikuwa 6,000 na 18,000. Februari 2024 ikawa 7,000 na 36,000. Februari 2025 ikawa 8,000 na 72,000. Yule mtu wetu wa 45,000 alikatwa 2,160 Januari 2025, kwa kuwa dari ilikuwa bado 36,000, na 2,700 mwezi uliofuata. Ripoti inayoandika "kiwango cha 2025" itamwongezea 540 za Januari ambazo hakuna aliyewahi kumkata.

Makato mengine yana tarehe zake. SHIF ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya awali, tarehe 1 Oktoba 2024, kwa hiyo ripoti ya mwaka 2024 ina miezi tisa ya mfumo wa madaraja na mitatu ya asilimia. Tozo ya nyumba ilianza Julai 2023, ikakwama mahakamani mapema 2024, ikarudi chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu iliyoanza kutumika 19 Machi 2024. Na tangu 27 Desemba 2024 SHIF na tozo ya nyumba zinaondolewa kabla ya kodi kupigwa, na mchango wa pensheni unaosamehewa kodi umepanda kutoka 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi. Hapo haikubadilika tarakimu peke yake, fomula yenyewe ilibadilika.

Weka viwango kwenye jedwali lao lenye tarehe ya kuanzia na ya mwisho, na uunganishe hivi:

```
LEFT JOIN viwango v
  ON v.aina = 'NSSF'
 AND p.mwezi >= v.kuanzia
 AND (v.hadi IS NULL OR p.mwezi < v.hadi)
```

Jedwali la viwango lina magonjwa mawili. Tarehe zikipandana, mtu anatokea mara mbili kwa mwezi huo, na unarudi kwenye dalili ya kwanza. Zikiacha pengo, kama la tozo ya nyumba mwaka 2024, mwenye `JOIN` ya kawaida anapoteza ofisi nzima kwa mwezi huo.

Sasa niseme ninachokiamini kuhusu jambo hili, maana si kila mtu atakubaliana nami. Makato ya mwezi uliokwisha kufungwa hayapaswi kupigwa upya kwenye ripoti. Yasomwe kutoka jedwali la makato yaliyokatwa kweli. Desemba 2024 ofisi nyingi zililipa mishahara kabla ya Krismasi, siku kadhaa kabla ya sheria mpya kuanza. Fomula yako haiwezi kujua mhasibu alifanya nini wiki ile, wala kama alirekebisha Januari. Ripoti ya mafao inaeleza kilichotokea. Safu ya hesabu iwepo, ndiyo, lakini kazi yake iwe kulinganisha: "kilichokatwa", "kilichotarajiwa", "tofauti". Mahali tofauti si sufuri ndipo pa kuuliza maswali.

Dalili: nafasi tupu, au makato kwa mtu asiye na mshahara

`NULL`, yaani nafasi tupu, ikijumlishwa na namba yoyote inazaa `NULL`. Mtu ana mshahara 30,000 na hana ovataimu. `Mshahara + ovataimu` inarudi tupu, na mshahara wake wote unayeyuka. Tumia `COALESCE(ovataimu, 0)`.

`AVG` nayo huruka tupu. Wafanyakazi kumi, sita wanapata usafiri wa 5,000 na wanne hawapati: `AVG` inasema wastani ni 5,000, ukiweka `COALESCE` inasema 3,000. Zote mbili ni kweli, zinajibu maswali tofauti. Muulize meneja anataka lipi.

Kuna moja ya ajabu zaidi. Kwenye PostgreSQL, `GREATEST(300, NULL)` ni 300, kwa sababu inapuuza kilicho tupu. SQL Server 2022 hufanya vivyo hivyo. MySQL inarudisha tupu. Maana yake ni kwamba mtu aliye kwenye likizo isiyo na malipo, asiye na mstari wowote wa mshahara mwezi huo, anaonekana amekatwa SHIF ya 300. Ukikuta orodha ya watu wenye mshahara tupu na makato ya 300 sawasawa, umepata chanzo. Funga kwa `CASE WHEN ghafi IS NOT NULL`.

Dalili: ripoti inasema kila mtu amesajiliwa

Habari njema kupita kiasi ni dalili pia. Umetafuta wafanyakazi ambao hawako kwenye orodha ya usajili wa SHA (mamlaka inayosimamia SHIF) kwa `NOT IN`, na imerudi bila mtu hata mmoja. Meneja anafurahi. Kumbe orodha ya usajili ina mstari mmoja wenye namba ya kazi tupu, na `NOT IN` ikikutana na `NULL` haiwezi kuthibitisha lolote kuhusu yeyote, hivyo haimrudishi yeyote. Andika hivi badala yake:

```
WHERE NOT EXISTS (
  SELECT 1 FROM usajili_sha s
  WHERE s.namba_ya_kazi = f.namba_ya_kazi
)
```

Dalili: siku za likizo ni chache mno

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi siku 21 za kazi za likizo kwa kila miezi 12, na anayeondoka kabla mwaka haujatimia huhesabiwa siku 1.75 kwa kila mwezi uliokamilika. Miezi minane ni siku 14. Ripoti yako inasema 8.

Umeandika `21 / 12 * miezi`. Kwenye PostgreSQL na SQL Server, namba kamili kugawanywa kwa namba kamili hutoa namba kamili: 21 kwa 12 ni 1, mara 8 ni 8. MySQL na Oracle hutoa 1.75, ndiyo maana kweri iliyofanya kazi vizuri ofisi ya Nakuru inaweza kuharibika ikihamishiwa seva nyingine Kisumu bila hata herufi moja kubadilishwa. Andika `21.0 / 12`, au 1.75 moja kwa moja.

Ukitoka hapo kagua miezi yenyewe. `DATEDIFF(month, ...)` ya SQL Server huhesabu mipaka ya miezi iliyovukwa. Mtu aliyeajiriwa tarehe 31 Januari ataonekana amemaliza mwezi mmoja tarehe 1 Februari. `TIMESTAMPDIFF` ya MySQL na `AGE` ya PostgreSQL zinahesabu miezi iliyokamilika kweli.

Dalili: malipo ya siku ya mwisho hayaonekani

`BETWEEN '2025-03-01' AND '2025-03-31'` inaishia usiku wa manane tarehe 31 inapoanza, ikiwa safu inabeba na saa. Aliyelipwa siku hiyo saa kumi na dakika arobaini jioni ameachwa nje, na mwisho wa mwezi ndiyo siku ya mishahara. Tumia `>= '2025-03-01' AND < '2025-04-01'`.

Kama seva inahifadhi saa za UTC, Kenya iko mbele kwa saa tatu. Malipo yaliyoingizwa saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili yanahesabiwa Machi. Safu ya `mwezi` inayojazwa na mtu wa mishahara mwenyewe ni bora kuliko kuukisia mwezi kutoka tarehe ya kuingiza.

Dalili: mtu yupo pande zote mbili, ila hawakutani

Usiunganishe kwa majina. Nyanza na Magharibi kote kuna Achieng, Otieno na Wafula wengi katika idara moja, na hata mtu mmoja huandikwa jina la ukoo mbele kwenye orodha moja na nyuma kwenye nyingine. Lakini wakati mwingine faili ya bima imekuja bila namba ya kazi na huna budi.

Hapo tazama alama ya juu, ile iliyo katika neno ng'ombe. Ng'ang'a, Ong'era, Ng'eno: mtu aliyechapa kwenye Word au simu amepata alama iliyopinda, `’`, na aliyechapa kwenye mfumo wa mishahara amepata iliyonyooka, `'`. Kwa jicho ni jina moja, kwa hifadhidata ni mawili. Zifanye zote ziwe moja kabla ya kulinganisha:

```
REPLACE(UPPER(TRIM(jina)), '’', '''')
```

Alama nne hizo za mwisho si kosa la uchapaji. Alama iliyonyooka ndani ya maandishi ya SQL huandikwa mara mbili, na ukimtafuta Ng'ang'a bila kuirudia kweri nzima itavunjika.

Namba nazo zina yake. Namba ya kazi `00417` ikipitia Excel inarudi 417. PIN ya KRA ni herufi, tarakimu tisa, herufi, jumla alama 11. `WHERE LENGTH(TRIM(pin)) <> 11` itakuonyesha zilizoharibika kwa sekunde moja. Zikibaki na urefu wa 12 hata baada ya `TRIM`, kuna nafasi isiyokatika iliyonakiliwa kutoka ukurasa wa wavuti au PDF, na `TRIM` ya kawaida haiigusi. Iondoe kwa `REPLACE(pin, CHR(160), '')`. Kwenye SQL Server ni `NCHAR(160)`.

Dalili: senti chache tu

Mshahara wa 18,350 unatoa SHIF ya 504.625. Watu 120 wa daraja hilo, ukijumlisha kwanza na kukadiria mwishoni, ni 60,555.00. Ukikadiria kila mtu kuwa 504.63 kisha ujumlishe, ni 60,555.60. Hati za mshahara hukadiria mtu kwa mtu, kwa hiyo nawe fanya hivyo, na uweke pesa kwenye safu za `NUMERIC(12,2)`, kamwe si `FLOAT`. Tofauti ikiwa chini ya senti moja kwa kila mfanyakazi, ni ukadiriaji na unaweza kuendelea na kazi. Ikizidi hapo hata kwa shilingi mbili, rudi kwa mtu mmoja.